Baiskeli Isiyotoka Nyumbani: Jinsi ya Kumchagulia Mgonjwa wa Goti Chombo Kimfaacho

Aliyevunjika mguu au kupasuliwa goti huwa na siku mbili za furaha. Ya kwanza ni siku anayoruhusiwa kutoka hospitali, na ya pili ni siku anayofunguliwa plasta. Jamaa na majirani humjia, chai hupikwa, dua huombwa. Baada ya hapo huja siku ya tatu isiyokuwa na wageni, siku anapojaribu kuketi kwenye kibao cha mbuzi akune nazi na kukuta goti halikunji. Anapokwenda msalani, kuchutama kumekuwa shida. Anapotandika mswala, analazimika kuitisha kiti. Mfupa umeunga, lakini mwili haujarudi nyumbani. Kazi ya kuurudisha ni ndefu, nayo wengi huachiwa waifanye peke yao.

Katika miaka ya karibuni familia nyingi zimeanza kuifanya kazi hiyo kwa msaada wa baiskeli ya mazoezi, ile iliyosimama pahali pamoja, isiyokuwa na safari. Watoto walioko Nairobi au Ughaibuni humnunulia mama yao kwa nia njema. Ila nia njema haitoshi. Chombo kisicholingana na jeraha huweza kulichokoza upya, na chombo kisicholingana na nyumba huishia kuwa pahali pa kutundikia nguo. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kuchagua kwa kujua.

Kwa nini wakaazi wa Majengo hasa

Majengo ni jina linalowaunganisha Waislamu wa miji mingi ya Kenya. Mombasa ina Majengo yake, na Nairobi, Nyeri, Embu na Meru vilevile. Hata hivyo ndugu zetu wa Majengo ya Meru na ya Embu wana jambo moja ambalo sisi wa pwani hatulihisi upesi: ardhi yao haikutulia. Miji hiyo miwili imekaa kwenye miteremko ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Daktari anapomwambia mgonjwa wa Malindi au Mombasa atembee nusu saa kila jioni, mgonjwa huyo hupata njia tambarare. Mwenzake wa Meru, akitoka tu mlangoni, atapanda au atashuka. Kushuka ndiko kunakolitesa goti bovu kuliko kupanda, kwa kuwa misuli ya mbele ya paja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili usianguke, na kilemba cha goti hukandamizwa. Mvua za masika na za vuli zikinyesha, udongo mwekundu huteleza. Na baridi ya Julai huwafanya wazee wasitake kutoka kabisa.

La pili ni chanzo chenyewe cha majeraha. Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendeshaji wa baiskeli za kawaida waliwavusha abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki zimejaa miji yote. Zimewarahisishia wengi safari na zimewapa vijana riziki. Lakini pia zimejaza wodi za mifupa. Mama aliyevaa buibui hukaa upande, miguu yote miwili ikining'inia upande mmoja, na pikipiki ikianguka upande huo ni mguu wake unaotangulia chini.

La tatu ni stara. Mwanamke anayehitaji kufanya mazoezi mara tano kwa wiki, kwa miezi kadhaa, na kwa mavazi mepesi, si rahisi kupata ukumbi wa mazoezi wa wanawake watupu karibu na kwake. Baiskeli iliyo chumbani humwondolea vikwazo vitatu kwa pamoja: mlima, mvua na macho ya watu.

Faida yake, na mpaka wake

Mtu anapopanda baiskeli, kiti hubeba sehemu kubwa ya uzito wake. Goti hupata kukunjwa na kukunjuliwa mamia ya mara bila ya kubebeshwa mwili mzima. Mwendo huo huzungusha majimaji yaliyomo ndani ya kiungo, na majimaji hayo ndiyo yanayolisha gegedu, kwa kuwa gegedu halina mishipa ya damu ya kulilisha. Misuli ya paja, ambayo hunyauka upesi mno mguu ukikaa kwenye plasta, huanza kurudi. Moyo na mapafu nayo hupata sehemu yake.

Ili kujua faida hiyo inafika wapi, yafaa kufahamu lugha ya matabibu. Goti lililonyooka kabisa huhesabiwa sufuri. Lililokunjwa kama pembe ya mraba ni nyuzi 90. Kutembea pahali tambarare huhitaji kadiri ya nyuzi 60 hadi 70. Kupanda ngazi na kuinuka kwenye kiti cha kawaida huhitaji karibu nyuzi 90 au kupita kidogo. Kuzungusha pedali mzunguko kamili kwenye baiskeli ya kawaida huhitaji takriban nyuzi 105 hadi 110. Na kuchutama, au kukalia miguu katika tahiyatu, huhitaji kupita nyuzi 130.

Ngazi hiyo yatufundisha mambo mawili. Kwanza, mgonjwa ambaye goti lake linaishia nyuzi 80 hawezi kuzungusha pedali ya kawaida hata akijilazimisha. Akijilazimisha, ataunyanyua mgongo na kuipinda nyonga ili mguu upite, na ataongeza maumivu pahali pawili. Pili, baiskeli peke yake haimfikishi mtu kwenye mswala kama alivyokuwa. Humfikisha karibu, hatua zilizobaki huhitaji mazoezi mengine ya kukunja anayofundishwa na mtaalamu. Wako pia ambao goti lao, hasa lililobadilishwa na kuwekwa la chuma na plastiki, halitafika huko kamwe. Hao wasijitese. Sharia imewapa ruhusa ya kusali kwa kadiri ya uwezo wao, na kuitumia ruhusa si upungufu.

Mtaalamu kabla ya duka

Jambo la kwanza la kununua si baiskeli. Ni nusu saa ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina idara za tiba hiyo. Nchini Kenya kazi hii ina sheria yake ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili na kuwapa leseni wataalamu. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza kwa adabu anayemhudumia kama amesajiliwa, na mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Mpelekee maswali manne, na majibu yake uyaandike:

Goti langu linakunjika nyuzi ngapi leo, na linanyooka hadi wapi?

Je, daktari aliyenipasua ameweka mpaka wa kukunja? Aliyeshonwa kano, aliyeshonewa kile kipande cha gegedu kilicho kati ya mifupa, au aliyevunjika kilemba cha goti, mara nyingi huwekewa mpaka kwa majuma kadhaa, na mpaka huo hutofautiana mgonjwa kwa mgonjwa.

Ninaruhusiwa kuuwekea mguu huu uzito kiasi gani? Swali hili ni kwa sababu ya kupanda na kushuka, si kwa ajili ya kuzungusha peke yake.

Kidonda kimefunga? Kidonda kibichi na jasho havipatani.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo aongeze swali la tano: dawa ninazotumia zina athari gani kwenye mazoezi? Baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo ya moyo yasipande, na mtu akijipima kwa mapigo atadanganyika. Anayechoma insulini huweza kuteremka sukari akiwa juu ya baiskeli, kwa hiyo awe na tende au kitu kitamu karibu.

Aina za vyombo

*Pedali za chini ya kiti.* Hiki ni kifaa kidogo, pedali mbili juu ya miguu ya chuma, kinachowekwa sakafuni mbele ya kiti. Makono yake ni mafupi, na kwa hiyo hulitaka goti likunjike kidogo kuliko baiskeli kamili. Humfaa mzee, aliyepooza upande mmoja, na mgonjwa aliye mwanzoni mwa safari. Husukumwa chini ya kitanda kazi ikiisha. Aibu yake ni kuteleza: kwenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi hukimbia mbele kila mguu ukisukuma. Kiweke juu ya kipande cha mpira, ukifunge kwa kamba kwenye miguu ya kiti, na kiti chenyewe kiwe cha mbao kizito, si cha plastiki. Kifaa hiki hakitoshi kumjenga mtu mzima mwenye afya.

*Baiskeli ya wima.* Hii hufanana na baiskeli ya barabarani: kiti juu, pedali chini yake, usukani mbele. Haichukui nafasi kubwa, na nyingi hutumia sumaku kuongeza uzito wa kuzungusha, jambo linaloifanya iwe kimya. Mgonjwa wa goti anayeweza kupanda na kushuka bila kuyumba hufaidika nayo sana. Ni bora pia kwa aliyebadilishwa nyonga, maana kiti chake kirefu hakiikunji nyonga mno. Wengi wao hukatazwa kupita nyuzi 90 katika majuma ya mwanzo.

*Baiskeli ya kuegemea.* Ina kiti kipana chenye mgongo, na pedali ziko mbele ya mkaaji. Mtu hukaa kama aliyekalia kiti cha sebuleni. Ndiyo iliyo salama kupita zote kwa mwenye maumivu ya mgongo, mwenye kizunguzungu, mzito wa mwili, na mzee aliyewahi kuanguka. Hasara zake ni mbili: ni ndefu, huweza kukimaliza chumba kidogo, na kiti chake kikiwa chini sana, kuinuka humtesa yule yule mwenye goti bovu.

*Baiskeli ya mbio.* Hii ndiyo ing'aayo kwenye matangazo. Ina gurudumu zito la chuma mbele, na mwendeshaji huinama kama mkimbiaji wa mashindano. Kwa kijana mzima ni chombo kizuri. Kwa aliyeumia ina hatari ambayo wauzaji hawaitaji: katika nyingi kati ya hizo, gurudumu limefungamana na pedali. Ukiacha kusukuma, gurudumu haliachi. Huendelea kuivuta miguu mpaka breki ikandamizwe. Goti likishikwa na maumivu ya ghafla, halina ruhusa ya kusimama. Na mtoto akipitisha kidole kwenye gurudumu hilo likizunguka, haliwezi kusimama kwa papo. Mgonjwa asinunuliwe hii mpaka apone.

Baadhi ya watu huichukua baiskeli ya kawaida na kuinyanyua gurudumu la nyuma kwa stendi. Ni njia ya gharama ndogo kwa kijana, lakini baiskeli zetu nyingi zina mwamba mrefu wa katikati, na mgonjwa hawezi kuuvusha mguu juu yake.

Pima mtu, kisha pima chumba

Kosa la kawaida ni kuagiza kwa picha ya simu. Kabla ya kuagiza, chukua utepe wa fundi cherehani upime mambo haya.

Urefu wa mguu wa mgonjwa kutoka kwenye msamba hadi sakafuni. Muulize muuzaji kiti kinashuka hadi wapi, si kinapanda hadi wapi tu. Baiskeli nyingi zimetengenezwa kwa kumdhania mwanamume mrefu, na mama mfupi hukuta kiti, hata kikishushwa kabisa, bado kinamning'iniza.

Kimo cha kuvuka. Je, mguu ulioumia utanyanyuliwa kiasi gani ili kupita katikati ya chombo? Kuna baiskeli zilizo wazi katikati, na hizo ndizo za mgonjwa.

Uzito. Kila chombo kina kibandiko kinachosema kinabeba kilo ngapi. Chagua kinachobeba zaidi ya uzito wa mgonjwa kwa nafasi ya kutosha, sio kinacholingana nao.

Usukani usogee. Usukani ulio mbali humwinamisha mama na kuuchosha mgongo na viganja.

Chumba. Weka karatasi au leso sakafuni kwa ukubwa wa chombo, kisha acha nafasi ya mtu kushuka kila upande. Nyumba nyingi za Majengo zina vyumba vinavyopangana na ukuta mmoja kati ya familia mbili. Kwa hiyo chagua chombo cha sumaku na mkanda badala ya cha mnyororo na breki ya kusugua, ili mazoezi ya alfajiri yasimwamshe jirani. Chini yake tandika mpira au mkeka mzito.

Umeme. Baiskeli nyingi za sumaku hazihitaji umeme wa ukutani; kioo chake kidogo hutumia betri, na betri zikiisha mazoezi yanaendelea. Chombo kinachotegemea soketi kitakuacha siku umeme ukikatika. Na usilipie zaidi kwa ajili ya kioo. Hesabu ya nguvu iliyochomwa ni makisio, na mapigo ya moyo yanayopimwa kwa kushika usukani si ya kutegemewa.

Ukinunua kuukuu

Vyombo kuukuu kutoka Ulaya na Dubai hupatikana Mombasa na Nairobi, na vingine ni imara kuliko vipya vya bei ya chini. Nenda mwenyewe au mtume mtu anayejua vyuma. Azungushe pedali kwa mkono: mzunguko uwe laini, usiokwaruza wala kushika pahali pamoja. Ashike kono la pedali alisukume kulia na kushoto. Likicheza, bearingi zimekwisha. Apandishe na kushusha uzito wa kuzungusha, aone kama kila hatua inahisika. Chombo kinachoruka kutoka chepesi hadi kizito kwa mara moja hakimfai mgonjwa. Avute pini ya kiti, apandishe na kushusha, kisha akikalie na kujitikisa. Atazame chini palipo na chumvi ya jasho, kwani hapo ndipo kutu huanzia. Na kwa sisi wa pwani upepo wa bahari huongeza yake.

Jambo moja dogo limeharibu baiskeli nyingi mpya siku ya kwanza. Pedali ya kushoto hufungwa kwa kuzungushwa kinyume, yaani upande ambao nati nyingine zote hufunguliwa. Fundi asiyejua huilazimisha kwa spana mpaka akakata nyuzi za parafujo, na kono zima likawa la kutupwa. Tafuta alama kwenye pedali: L ni ya kushoto, R ni ya kulia.

Kiti kwanza, uzito baadaye

Chombo kikifika, kiti ndicho kinachoamua kama kitaponya au kitaumiza. Kwa baiskeli ya wima kipimo ni hiki: mgonjwa akae, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuteremka upande mmoja. Kisha asogeze unyayo ili sehemu iliyo nyuma ya vidole ndiyo isukume. Goti litakuwa limekunjika kidogo tu, nyuzi 25 hadi 35. Kiti kikiwa chini mno, kilemba cha goti hukandamizwa na maumivu huja mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba na maumivu huja nyuma ya goti.

Ambaye goti lake halijafika nyuzi 110 aanze kwa kubembeza: pedali iende mbele mpaka goti likatae, irudi nyuma mpaka likatae tena, bila kumaliza mzunguko. Dakika tano zatosha. Wengi hufaulu kumaliza mzunguko wa kurudi nyuma kabla ya wa kwenda mbele. Kiti kikiinuliwa kidogo, goti huhitaji kukunjika kidogo kuliko kawaida. Na kadiri siku zinavyopita kiti hushushwa pole pole, hata kifikie kipimo tulichotaja. Hivyo kiti huwa ni rula ya kupimia maendeleo, na mgonjwa akiandika tundu la pini alilotumia kila wiki, ataona kwa macho yake kwamba anakwenda.

Mzunguko ukikamilika, baki kwenye uzito mwepesi. Kuzungusha mara 50 hadi 60 kwa dakika ni mwendo mwema wa kuanzia. Ongeza dakika kabla ya kuongeza uzito: tano, kisha saba, kisha kumi, mara mbili kwa siku ikiwa goti halilalamiki. Maumivu ya kadiri, yasiyopita matatu ukiyahesabu kutoka sufuri hadi kumi, yanavumilika. Kipimo cha haki ni asubuhi inayofuata. Zungusha utepe katikati ya goti kila asubuhi. Likiwa limevimba kuliko jana, punguza. Haba na haba hujaza kibaba, na katika tiba ya viungo methali hii ni kanuni ya kazi.

Aliyekwisha kupona na anayetaka siha ya kawaida anaweza kuulenga mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kadiri ni pale unapoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinaifikia hesabu hiyo.

Dalili za kushuka mara moja

Simama, wala usingoje kesho, ikiwa kifua kinabana, pumzi inakata bila sababu, au kichwa kinazunguka. Aliyetoka kwenye plasta au upasuaji akiona kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina moto na kinauma, asizungushe pedali akidhani anakilainisha. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, nayo ikitembea hadi mapafuni huua. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile goti lililo jekundu, lenye moto, pamoja na homa, au kidonda kinachotoa maji, si la baiskeli. Na goti linalokwama katikati ya mzunguko kama mlango uliopinda ukapimwe kwanza.

Adabu za nyumba

Dera na leso hazipandi baiskeli. Pindo lake likishikwa na pedali, mtu huvutwa chini kabla hajajua. Vaa suruali nyepesi iliyobana kwenye kifundo na fulana ndefu, na viatu vyenye soli ngumu, kandambili huteleza. Mwenye kisukari akague nyayo zake kabla na baada, kwa kuwa malengelenge madogo kwake si madogo.

Penye watoto, chagua chombo ambacho gurudumu na mkanda vimefunikwa kabisa, na kikae kwenye chumba kinachofungwa. Mama mjamzito mwenye ruhusa ya mkunga au daktari huweza kuendelea kwa upole, usukani ukiinuliwa kadiri tumbo linavyokua. Aliyejifungua na kuchanika asikalie kiti cha baiskeli mpaka apone na kukaguliwa. Katika Ramadhani, wakati mwema ni baada ya futari kutulia, au muda mfupi kabla ya magharibi kwa mazoezi mepesi ya kukunja tu, ili maji yawe karibu.

Na gharama? Hapa wanawake wa mtaa wana silaha wanayoijua tayari. Chama kinachonunua sufuria na mikeka ya harusi kwa ajili ya kuazimana chaweza kununua baiskeli moja ya wima na jozi moja ya pedali za chini, zikazunguka kutoka nyumba ya mgonjwa hadi nyumba ya mgonjwa. Wengi huihitaji kwa miezi mitatu au minne, si kwa maisha. Na asiyepata hata hiyo asikae bure: kuketi ukingoni mwa kitanda na kuuburuta unyayo nyuma juu ya sakafu kwa kitambaa, kukaza paja huku kisigino kikiwa juu ya taulo iliyokunjwa, na kuinuka kwenye kiti mara kumi asubuhi na jioni, ni mazoezi yasiyo na bei ambayo mtaalamu atakuonyesha kwa dakika chache.

Basi mwenye kutaka kumnunulia mama yake zawadi hii asianze na picha wala rangi. Aanze kwa kumwuliza ni kitu gani amekikosa zaidi tangu aumie: kushuka ngazi, kuchutama, kupanda matatu, au kusali kwenye mswala. Jibu hilo, pamoja na idadi ya nyuzi iliyoandikwa na mtaalamu na utepe wa fundi cherehani, ndilo litakalomchagulia chombo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza.